Ulilipa Deni Lisilo Langu

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, baba? Mama watoto hajambo? Na mgongo wako, ule uliokusumbua kipindi cha baridi, umetulia? Nakusihi usibebe mizigo ya watu wawili huko ghalani, wenzako nao wana mikono. Sisi huku tu wazima. Presha yangu inapanda na kushuka itakavyo, lakini daktari amenipima akasema moyo wangu ni wa msichana. Nilimwambia hilo nalijua, aniambie jipya.

Mpwa wako anakusalimu sana. Acha nianze na yeye, maana habari zake zitakupoza kabla sijakuchoma. Mwanangu sasa ni mwalimu wa hesabu wa kwenye kompyuta. Watoto wa miji mingine, wasiojua hata mlango wetu una rangi gani, wanamngoja kila jioni kwenye kioo. Shule iliyomwajiri imempa cheti cha sifa, nami nimekitundika sebuleni pale ambapo mgeni hawezi kuketi bila kukiona. Wazazi wanapiga simu: tunamtaka yule, hatumtaki mwingine. Najua unacheka, unasema dada ameanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wangu namtembeza na bado ni mzuri, wahenga watanisamehe.

Basi salamu zimekwisha. Sasa nina ugomvi na wewe.

Nani alikutuma ulipe bili yangu? Nakuuliza mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa huwezi hata kujipangusa kamasi: nani alikutuma? Umenitumia ujumbe wa mstari mmoja, "Dada, yameisha, mwenye nguvu mpishe," ukafikiri nitapiga vigelegele. Hayajaisha. Umeyaamsha upya, na safari hii yameamka na meno. Nitakueleza tangu mwanzo, upate kujua ni kitu gani umekikanyaga.

Mwaka jana alikuja hapa kijana wa kampuni ya kebo, amevaa tai nyekundu. Aliniamkia vizuri, akasifu mapazia, akasifu kile cheti. Akasema waya mmoja utaniletea intaneti ya mwanangu na televisheni yangu pamoja, bei moja, raha mbili. Kisha akaniuliza, "Mama, nyumba hii ina televisheni ngapi?"

Mdogo wangu, unanijua. Kijana wa watu ana tai shingoni, amekaa kwenye kochi langu, chai yangu iko mkononi mwake. Ningemwambia moja? Nikamwambia nne. Wala si uongo, njoo uhesabu. Ya sebuleni inawaka. Ile ya mbao ya marehemu baba ipo, nimeitandikia kitambaa na juu yake pana picha zenu. Ya jikoni nimeiwekea debe la unga. Ya chumbani ina ufa kuanzia pembe hadi pembe. Aliniuliza ziko ngapi, hakuniuliza ngapi zinaonyesha.

Akapiga simu ofisini kwao palepale, akanipa nami niseme nao. Nikasema. Akaja fundi, akafunga king'amuzi kimoja sebuleni na kile kidude cha intaneti chenye taa, akaondoka zake. Nikatia sahihi pale kidole cha kijana kilipoonyesha. Ndivyo nilivyouziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nikalishonea kamba.

Bili ilipokuja niliivalia miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Kodi ya ving'amuzi vinne. Kifurushi cha michezo. Michezo! Nyumba ya wanawake wawili, mmoja anashona mashuka ya hospitali, mwingine anakokotoa, nani kati yetu aliyeomba ndondi? Chini yake, ada ya matengenezo, na tangu siku ile ya kufunga hajakanyaga hapa mtu mwenye bisibisi.

Nikapiga simu. Wakanichezea muziki mpaka sikio likaota jasho. Akaja binti mwenye sauti ya asali.

"Mteja wetu mpendwa, mfumo unaonyesha una ving'amuzi vinne."

"Binti, mfumo umewahi kufika kwangu?"

"Mama, mfumo haukosei."

"Basi mwambie mfumo anitafutie vitatu vilivyobaki, maana hata chini ya kitanda nimeinama."

Akakata. Mteja mpendwa akakatiwa!

Mwanangu hakupandisha sauti. Alifungua kompyuta akaitafuta sheria ya kumlinda mtumiaji, akanisomea, na pale ilipokuwa na maneno ya kimahakama akanifafanulia kwa lugha ya nyumbani. Kumbe, mdogo wangu, tumelala! Sheria inasema hulipii kitu ambacho hukuletewa. Inasema muuzaji ndiye wa kuthibitisha kwamba uliomba. Tena inasema ukipinga bili kwa maandishi, na ile sehemu usiyoipinga ukailipa, hawaruhusiwi kukukatia huduma mpaka malalamiko yako yasikilizwe. Nilimwambia asome tena hapo. Nikamwambia asome mara ya tatu, kwa utamu tu.

Tukaandika. Yaani aliandika yeye, mimi nikamwambia wapi aongeze ukali. Tukapeleka, wakagonga muhuri kwenye nakala yetu, na kila mwezi nikalipa intaneti na king'amuzi kimoja bila kuchelewa. Wao wakaongeza "ada ya kuchelewa." Halafu wakakata.

Wakakata katikati ya somo. Mwanangu anawauliza watoto robo tatu ya ishirini ni ngapi, mkono uko hewani, taa za kidude zikazimika zote. Watoto wakabaki huko na robo tatu yao. Alikaa vile vile, mkono juu, kama mtu anayesimamisha gari lililokwisha pita. Siku ile nilitaka kwenda kuchoma kitu, Mungu anisamehe.

Unajua anafundishia wapi sasa? Kwa kinyozi! Kinyozi wa kona ana intaneti ya kampuni nyingine, akatupa pembe karibu na sinki. Mtu mwenye cheti ukutani anafundisha hesabu za sehemu huku mashine inanguruma na nywele za wanaume zinamwangukia kwenye vitufe. Juzi mteja mwenye povu kidevuni alijibu swali kabla ya watoto, na akakosea. Kinyozi akamwambia, "Wewe nyamaza, nitakukata sikio." Watoto walicheka, lakini shule haikucheka. Wamemwandikia mwanangu kwamba asipopata mahali tulivu kabla ya muhula mpya, wanafunzi wake watapewa mwalimu mwingine. Muhula unaanza mwisho wa mwezi huu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Televisheni waichukue wakaipikie. Lakini mwanangu hatamwaga unga kwa sababu ya tai nyekundu.

Nilikwenda ofisini kwao nimevaa gauni langu la kijani. Jengo la vioo, ubaridi wa kuhifadhia nyama, viti vya chuma vimejaa watu wenye bili mikononi. Meneja wao ana kitambi na kalamu mbili mfukoni. Nilimwambia sheria, kifungu kwa kifungu, jinsi mwanangu alivyonifundisha njia nzima. Akatabasamu. Akageuza kompyuta yake, akabonyeza, na mbele ya watu wote ikatoka sauti yangu:

"Andika nne, mwanangu, usiandike chini ya nne. Hapa si kwa wanyonge!"

Watu walicheka, mdogo wangu. Mzee mmoja alikohoa hadi akashika ukuta. Meneja akaniuliza, "Mama, sauti hiyo ni ya nani?"

Nikamjibu, "Sauti ni yangu. Ving'amuzi viko wapi?"

Kicheko kikahama. Safari hii walimcheka yeye, lakini masikio yangu yalikuwa yanawaka moto, na sikupanda hata gari. Nilirudi kwa miguu njia nzima, nikimtukana kimoyomoyo yeye, na kalamu zake mbili, na kitambi chake.

Kutoka hapo tukaenda ofisi ya kutetea watumiaji. Chumba kimoja, feni moja, mafaili mpaka dirishani. Yuko bibi mmoja mkavu, hacheki, mtaani wanamwita Bi Sheria. Alisoma karatasi zetu zote huku amesimama. Akasema kusema una televisheni nne si kuomba ving'amuzi vinne, na kampuni ikishikilia kwamba iliviweka, basi ije ivionyeshe. Akawaandikia waje nyumbani kwangu, yeye akiwepo.

Sasa fikiria. Jirani yetu wa mlango wa pili, yule tunayemwita Redio, kwa miaka yote hii nimemwambia taarifa ya habari naitazamia chumbani nikiwa nimejinyoosha. Nimemwambia jikoni natazama mafunzo ya upishi. Siku watu wa kampuni walipokuja, Redio alikuwa wa kwanza ukumbini, na nyuma yake majirani wa ngazi nzima. Mwanangu alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mama, naweza kuwaomba majirani watoke." Nikamwangalia. Shati lake lilikuwa na nywele za watu begani. Nikamwambia waache waingie, wakae.

Nikamshika Bi Sheria mkono, nikamtembeza. "Hii inawaka. Hii ilikufa kabla ya baba. Hii imekufa, inabeba debe. Hii nayo ilikufa siku ya harusi ya binti wa shangazi, ilipigwa na kiti." Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. Redio alifungua mdomo nikamwambia, "Funga, nzi wataingia."

Yule mtu wa kampuni hakukubali. Akasema huenda nimevificha ving'amuzi na televisheni ni nzima. Akaondoa picha zenu, akachomeka ile ya mbao ukutani yeye mwenyewe. Ilitoa mlio kama chupa iliyokanyagwa na gari, ikatoa moshi, umeme ukazimika ghorofa zima, naye akaruka akaangukia kwenye mashuka yangu ya hospitali. Bi Sheria hakucheka. Alisema tu, "Ninaandika kwamba haiwaki."

Tulikuwa tumeshinda! Mwanangu alianza kufuta vumbi kwenye meza yake.

Ndipo Jumatano iliyopita, mbele ya Bi Sheria, meneja akachomoa risiti. Deni lote limelipwa, na ada za kuchelewa juu yake. Aliyelipa ni wewe; ndipo nilipouelewa ule ujumbe wako. Akasema, "Familia imekubali deni. Tunabishana nini tena?" Nilitamani sakafu ipasuke. Miezi yote ile tunasema hatudaiwi, na wewe huko mbali unalipa kama mwizi aliyekamatwa!

Tena usidhani wameturudishia intaneti. Wanataka ada ya kufungua upya, na nitie sahihi mkataba mwingine, wa ving'amuzi vinne vilevile. Umelipa mlango na ufunguo wamebaki nao.

Na najua pesa ile ilikuwa ya nini. Mkeo amemwambia mwanangu kila kitu, usimgombeze, alikuwa analia. Ilikuwa nauli yako. Ulikuwa uje likizo hii, nami nilikuwa nimeshakutolea godoro jipya kwenye nailoni. Wamekula nauli ya ndugu yangu, kisha wakajipangusa midomo.

Amemwambia pia kwamba walikupigia simu kazini. Namba yako niliitoa mimi, kwenye mkataba pana mahali pa ndugu wa karibu, nikamwambia kijana aandike, kaka yangu ndiye mkubwa wa ghala zima. Walikwambia watakuja kubeba vitu vyangu, na kwamba watamweleza bosi wako unatoka ukoo wa wasiolipa. Ukaomba ruhusa kazini, ukaenda kulipa, ukamwambia mkeo, "Habari za vitisho na nauli, dada asijue."

Dada amejua. Na dada ana hasira, mdogo wangu, hasira zenye matawi. Nina hasira na meneja, na Tai Nyekundu, na yule binti wa asali. Wewe pia umo. Ulidhani mimi ni wa kuonewa huruma? Ulidhani nimeshindwa? Ungenipigia simu moja tu, kabla ya kufungua pochi, ningekwambia tuko mlangoni pa ushindi, kaa kimya, kunywa maji.

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Bi Sheria amesema risiti ile bado inaweza kupinduliwa. Sheria inakataza kampuni kumpigia simu na kumtisha mtu ambaye hakutia sahihi mkataba. Aliyelipa kwa kutishwa hajakubali deni, na pesa yake inarudi. Lakini lazima aseme mwenyewe, kwa mkono wake, si kwa mkono wa dada yake wala wa mpwa wake. Nilimwomba mwanangu akuandikie kwa lugha nzuri, wewe utie sahihi tu. Amekataa. Amesema wakigundua tumekutungia maneno, tumekwisha.

Kwa hiyo andika. Andika kwamba sikukutuma. Andika kwamba hukutia sahihi popote. Andika waliokupigia walisemaje, neno kwa neno, hata matusi usiyaruke. Na andika kwamba uliogopa. Bila neno hilo, Bi Sheria amesema, itaonekana ulilipa kwa hiari yako, kwa ukarimu, na ukarimu haurudishwi. Kikao ni Alhamisi, tarehe ishirini. Itume kwa simu kwanza, kisha karatasi yenyewe ifuate. Kikao hicho kikipita hatujaleta neno lako, muhula utaanza na mwanangu yuko kwa kinyozi.

Najua kalamu yako itasimama wapi. Itaandika yote, ikifika kwenye "niliogopa" itakauka wino. Mwanamume wa miaka yako, anayenyanyua magunia ambayo vijana wanayakimbia, aseme alimwogopa binti wa kwenye simu. Utaanza kuandika "nilisikitika," utaandika "niliona busara." Usiandike busara! Busara itatumaliza.

Hukuiogopea nafsi yako. Ulisikia watu wanakuja kubeba vitu vya dada yako na wewe uko mbali, huwezi kusimama mlangoni. Hata mimi ningetetemeka. Iandike hofu hiyo kama ilivyokuwa. Nitaisoma mimi mwenyewe mbele ya meneja, kwa sauti, na atakayekucheka atakutana na mimi kabla hajafunga mdomo.

Msalimie wifi yangu, mwambie alifanya vyema kusema, na asiogope uso wako ukinuna. Mbusu mkubwa, na mapacha uwavute masikio kwa niaba yangu. Shangazi yetu anakusalimu, bado anamwambia kila mgeni kwamba wewe ndiye uliyekula sabuni utotoni. Kinyozi pia anakusalimu, ingawa hakujui.

Mungu akupe mgongo imara, na usingizi, na mkono usiotetemeka unaposhika kalamu. Akurudishie kila ulichonyang'anywa, na waliokunyang'anya wakose hata wa kuwapokelea simu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea,

Mama Mwalimu.